Spidi ya Sitini

Studio,
Jumapili asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwenye simu juzi uliipokea nusu tu, ukampa mama simu kabla sijavuta hata pumzi. Hujambo lakini? Mgongo unasemaje? Na macho, yale macho yaliyokufanya ufunge kibanda chako cha saa miaka sita sasa, yanaendeleaje? Mama naye mguu umepona, au bado anauburuza huku akiapa kwamba hauumi? Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, nabishana na watu kama ulivyonizoea. Wasalimie wote hapo nyumbani sasa hivi, kwa sababu nikishaanza kusimulia nitasahau adabu.

Najua utashangaa, simu ninayo na vocha ninayo, barua ya nini? Ya nini! Simu utampa mama, baba. Na haya nataka uyapate wewe mwenyewe, yote, kwa mpangilio wake, bila mtu kuniuliza katikati kama nimekula. Kwa hiyo kaa pale kwenye kiti chako cha dirishani, weka miwani, soma taratibu. Mama akiuliza ni nini, mwambie asubiri zamu yake.

Nianze na tamu. Kitinda mimba wako, yule uliyekuwa ukisema hata shati lake hulivaa ndani nje, tangu Jumatatu iliyopita ndiye mpiga picha mkuu wa studio. Mkuu, baba! Kuna kadi zimechapwa zenye jina langu na cheo chini yake. Nimeweka moja humu kwenye bahasha, usiipoteze. Nimevimba kichwa, sikufichi, na sina mpango wa kusinyaa wiki hii. Ila jinsi nilivyokifikia cheo hicho si kama unavyodhani, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Studio yetu hujaifika, basi nikuoneshe. Ina vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa. Cha mbele kina kaunta na viti vinne vya plastiki vya wateja. Cha kati kina kitambaa cheupe kilichoshuka kutoka darini hadi sakafuni, na taa mbili kubwa. Cha nyuma kina kompyuta, mashine ya kuchapia picha inayokoroma kuliko kaka mkubwa, na ukuta mmoja mtupu ambao nitakuambia habari zake. Tuko sita. Mwenye studio tunamwita Madamu, mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mkali mpaka mashine ya kuchapa inamheshimu. Wa pili kwa umuhimu ni mpiga picha mwenzangu tunayemwita Mrefu, ambaye akiingia mlangoni huinama hata pale pasipo na haja, mazoea tu.

Sasa, ili uelewe mkasa wangu lazima uelewe kitu kimoja ndani ya kamera, na wewe utakielewa upesi kuliko waliokisomea, maana umeishi na sekunde maisha yako yote. Ndani ya kamera mna kijipazia kinachoitwa shata. Ukibonyeza kitufe kinafunguka, mwanga unaingia, kinafunga. Muda kinaokaa wazi ndio spidi yake. Tukisema spidi ya sitini tuna maana umechukua sekunde moja ukaikata vipande sitini, pazia likakaa wazi kwa kipande kimoja. Mia tano ni kipande chembamba zaidi, haraka sana. Nane ni kipande kinene, pole pole. Pazia likikaa wazi kwa muda mrefu, mwanga unaingia wa kutosha hata ndani ya ukumbi wenye giza, lakini chochote kitakachotikisika muda huo kinajiandika kwenye picha kama ukungu. Sisi tunasema picha imecheza.

Kwenye ule ukuta mtupu wa chumba cha nyuma kuna ukurasa mmoja wa gazeti, umewekwa nyuma ya kioo, una miaka mingi kuliko mimi. Ndiyo mtihani wa studio. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya kazi, kila mpiga picha husimama hatua nne kutoka ukutani, kamera mikononi, bila kuegemea chochote, anaupiga picha ule ukurasa kwa spidi ya sitini, halafu thelathini, halafu kumi na tano, halafu nane. Picha zinafunguliwa kwenye skrini kubwa, watu wote wanasoma. Asiyeweza kusomeka hata kwa sitini anakabidhi kamera anahamia kaunta kuandika majina ya wateja, mpaka mwaka mwingine. Sheria hiyo Madamu aliikuta kwa aliyemfundisha, na yeye ameishika kama mboni ya jicho. Na stendi, lile dude la miguu mitatu la kuwekea kamera? Stendi ilikuwa ya waoga. Ilikaa stoo nyuma ya ndoo za kudekia, na atakayeitoa ainunulie soda ofisi nzima. Katika miaka minne niliyokaa hapa sikuwahi kunywa soda ya stendi.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilisoma gazeti kwa nane. Kwa nane, baba! Mrefu alikwama kumi na tano. Madamu alisogea hadi pua ikagusa skrini, akasoma tangazo la magodoro kwa sauti, neno kwa neno, halafu akatamka kwamba huyu mtoto kamwagiwa simiti. Tangu hapo jina langu Simiti. Wateja wakipiga simu wanamuulizia Simiti. Nililipenda lile jina kuliko nilivyowahi kukuambia, na kila nilipoitwa nilijiona mtu.

Basi, kiasi cha miezi saba iliyopita mambo yakaanza kuniendea kombo. Tulipata kazi ya kupiga wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo, mmoja mmoja, ndani, mwanga wa dirishani. Siku tatu baadaye mhasibu wao akaja na bahasha yake kaunta, akasema kwa upole kabisa kwamba yeye nyumbani kwao wamezaliwa na macho mawili, sasa haya manne ameyatoa wapi. Nikaitazama ile picha. Kweli, kila ukingo ulikuwa na mwenzake pembeni. Nikamwomba radhi, nikampiga tena, nikajiambia labda alipepesuka yeye. Wiki iliyofuata bwana harusi mmoja akaonekana kama anatazama kupitia kioo chenye mvuke. Halafu mtoto wa ubatizo. Halafu familia nzima ya watu kumi na mmoja, na babu yao katikati hana pua.

Nikasema kamera imeharibika. Kila mtu akakubali, maana nani angemdhania Simiti? Nikaanza kuitibu. Nilisafisha lenzi ndani na nje, nikabadilisha lenzi. Nilirudisha mipangilio yote kama ilivyotoka dukani, nikapanga upya. Nilibadilisha betri, na kwa kukata tamaa nikabadilisha hata kadi ya kuhifadhia picha, jambo lisilo na akili yoyote, kwa sababu kadi ni kabati tu, haiwezi kukunja nguo ulizoweka zimenyooka. Mrefu alinicheka mpaka akajigonga kwenye fremu ya mlango. Picha zikaendelea kucheza.

Hapo ndipo damu yako ilipoamka ndani yangu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimjibu mteja aliyekuletea saa akisema imekufa tu yenyewe. Ulikuwa ukimwambia saa haifi tu, hebu tuanze na ilipokuwa nzima. Nikakaa kwenye kompyuta ya nyuma Jumamosi tatu mfululizo, nikafungua picha zangu za miaka miwili. Kila picha, baba, hubeba kumbukumbu ya spidi iliyopigiwa, hata uifiche. Nikazikuza moja moja hadi kope zikaonekana. Zilizopigwa kwa mia tano zilikuwa safi kama maji ya kisima. Mia mbili hamsini, safi. Mia na ishirini na tano, ukitafuta ubaya utauona. Sitini, vurugu. Na vurugu yenyewe haikuwa ya kulenga vibaya, kwa sababu ukikosa kulenga uso utakuta walau sikio au ukuta wa nyuma umenyooka. Mimi hakuna kilichonyooka, hata matofali yamecheza, na matofali hayapepesuki. Kumbe si watu waliokuwa wakitikisika, ni kamera yenyewe au kitu ndani yake.

Nikaipeleka kwa fundi kamera, anakaa kwenye kichumba kidogo ghorofani, vipande vimejaa hadi kwenye kiti cha mteja. Aliibonyeza mara tano karibu na sikio lake akafumba macho kama anaonja mchuzi, kisha akatangaza kwamba shata imechoka, ukiiagiza sitini inakupa thelathini, ibadilishwe. Nikamuuliza amepima na nini. Akanionesha sikio. Weee! Mimi ni mtoto wa fundi saa, niambiwe mtu anapima sehemu ya sitini ya sekunde kwa sikio? Nilimshukuru, nikabeba kamera yangu nikarudi.

Nikaipima mwenyewe. Nilichukua feni ya mezani, nikabandika karatasi nyeupe kwenye panga lake moja, nikaiwasha kwa mwendo mdogo. Nikaitoa stendi stoo, hapo nilisubiri wenzangu wameenda kula maana soda sikutaka kununua, nikaweka kamera yangu juu yake, nikalipiga lile panga likizunguka, kwa spidi ya sitini. Karatasi nyeupe ikajichora upinde. Kisha nikaweka kamera ya Mrefu palepale, spidi ileile, feni ileile. Upinde uleule. Nikapima kwa rula kwenye skrini, wa kwangu na wa kwake sawasawa. Shata yangu ilikuwa nzima kabisa. Nikacheka peke yangu kwa raha, nikasema baba angekuwepo angenipa mkono.

Sikujua nacheka nini. Maana nilipoirudisha kamera yangu juu ya stendi, nikalipiga gazeti la ukutani kwa sitini, nikasoma mpaka anwani ya mchapishaji chini kabisa. Nikaitoa, nikaishika mkononi, nikapiga tena. Haikusomeka hata kichwa cha habari. Mrefu aliporudi nikamwomba, kama mzaha, apige kwa kamera yangu. Akasomeka. Nikapiga kwa kamera yake. Sikusomeka. Nilibadilisha kamera mbili na lenzi tatu, na kila nilipoenda kosa lilinifuata mimi. Mrefu alinitazama, halafu akatazama mikono yangu, halafu akasema ana njaa ingawa ndiyo kwanza ametoka kula, akaondoka akaniacha.

Niliinyoosha mikono mbele yangu, pale chini ya taa. Ilikuwa inatetemeka, baba. Kidogo tu, kama uso wa chai gari kubwa linapopita nje. Nikaikunja, nikainyoosha, bado. Nikaiona kwa mara ya kwanza, na papo hapo nikajua nimeshaiona mahali.

Bila shaka wewe umeshaziona herufi zangu humu zinavyopanda na kushuka ukadhani naandikia ndani ya basi. Naandikia mezani, baba. Meza imetulia.

Hadi siku ya mtihani wa gazeti zilikuwa zimebaki wiki mbili. Yaani wiki mbili niondolewe kamera mbele ya watu wote, Simiti apelekwe kaunta akaulize watu majina. Sikulala vizuri. Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja mtaratibu, akaninyoosha mikono, akanipa karatasi nichore duara kama konokono, likatoka kama msumeno. Akaniambia hili haliui, wala haliuozeshi mwili, watu wengi wanalo na wengine linawaanza wakiwa vijana. Mikono hutetemeka hasa unapoishikisha kazi, na mara nyingi ni la ukoo. Kisha akauliza, kalamu yake iko juu ya karatasi, kama nyumbani kwetu kuna mtu mikono yake inatetemeka. Baba yangu, au mama, au babu.

Baba, hapa ndipo pagumu. Nilisema hakuna.

Nilikukana. Nilitazama yule dada usoni nikamwambia kwetu watu wote wana mikono imara, baba yangu ni fundi saa. Akaandika hivyo. Nikatoka na karatasi yenye uongo wangu juu yake, nikafika kwenye benchi la nje nikashindwa kwenda mbele. Kwa sababu najua. Nimejua siku nyingi. Nilikuwa nikikuletea chakula kibandani nikitoka shule, nikakuona unavyobana viwiko mbavuni, unavyokandamiza vifundo vya mikono kwenye ukingo wa meza mpaka vinaacha alama, unavyozuia pumzi ndipo kibano kiguse springi. Nilidhani ndivyo mafundi saa wote wanavyofanya. Siku moja nilipita kwa fundi mwingine kule sokoni nikamkuta anafungua saa huku anapiga soga, mikono hewani. Nilirudi sikukuuliza. Na asubuhi moja mlango wa chumba chenu ulikuwa wazi kidogo, nikamwona mama anakufunga vifungo vya shati, wewe umeangalia dari. Mwezi ule ule ulifunga kibanda ukasema ni macho. Tukasema sote ni macho. Nimekuuliza macho hata hapo mwanzoni mwa barua hii, unaona nilivyozoea?

Pale kwenye benchi nilihesabu. Ulifanya kazi ile miaka ishirini na tisa. Saa za kike zenye skrubu ndogo kuliko chawa. Saa za watu waliotoka mbali wakipita mafundi wengine wawili kukufuata wewe. Mtu mwenye mikono iliyotulia akifanya hivyo ni fundi mzuri. Wewe ulizifanya na mikono inayocheza, ukatafuta ukingo wa meza, ukatafuta pumzi, ukatafuta njia, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua. Na mimi nimeona aibu kukutaja! Nilirudi ndani nikagonga mlango, nikamwambia daktari afute. Nikamwambia yupo, ni baba. Akafuta, akaandika, akanipa vidonge vya kujaribu, akanikataza kahawa, na akasema ukiwa tayari uende hospitali na wewe, kwa sababu kuna wanaosaidika hata wakichelewa. Hilo la mwisho ni la kwako, usilipite haraka.

Basi siku ya mtihani ikafika. Watu sita chumba cha nyuma, Madamu na daftari lake. Mrefu akasomeka kumi na tano kama kawaida yake. Wakaniita Simiti, wakapiga makofi. Nikaingia na stendi begani.

Stendi, baba! Nikawaambia kabla sijagusa kamera kwamba mikono yangu inatetemeka na haitaacha, na kwamba nimeitoa kwa baba yangu, fundi saa aliyetengeneza saa miaka ishirini na tisa kwa mikono hii hii, na kama kuna anayedhani haiwezekani kazi ndogo na mkono huu basi akatazame saa ya marehemu mama yake ilitengenezwa na nani. Sijui kwa nini nilisema marehemu mama yake, nilikuwa nimeshika moto. Siri yako nimeitoa mbele ya watu watano bila ruhusa yako, na kwa hilo naomba radhi kwa magoti. Lakini sikufichi, nilipoitoa nilijisikia mrefu kuliko Mrefu.

Kisha nikapiga gazeti kwa mikono mitupu, sitini. Nikawaachia walione likiwa uji. Nikafungua dirisha, nikaongeza usikivu wa kamera kwa mwanga, jambo linaloipa picha chembechembe kidogo kama mchanga laini, nikapandisha spidi hadi mia tano, mkononi. Likasomeka lote. Kisha nikaweka kamera kwenye stendi, spidi ya sekunde moja nzima, nikaitegesha ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili ili hata kidole changu kisiiguse. Likasomeka mpaka jina la mchapaji lililofichwa pembeni kwa herufi ambazo hakuna mtu studio aliyewahi kujua kama zipo. Madamu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma ile pembe. Akawauliza wenzangu, kati yao nani amewahi kumletea ile. Akasema miaka yote hii amekuwa akipima mikono wakati wateja wanalipia picha. Akafunga daftari. Halafu akamtuma Mrefu soda, akasema ananunua yeye.

Nikadhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata akanipa kazi ya chuo cha wauguzi. Wahitimu mia mbili na kumi na wawili, ukumbini, safu saba, mwanga hafifu, flashi haiwafikii wa nyuma. Kazi ambayo kila mwaka hutoka na safu mbili za mwisho kama mizimu, na kila mwaka kuna mama anayemtafuta mwanawe asimwone. Nilisimika stendi juu ya meza mbili, spidi thelathini, nikawaambia wavute pumzi, watoe, wabaki hivyo hivyo. Nilijua vizuri ninachowaambia. Nikapiga nne. Mmoja wa safu ya tano alipiga chafya kwenye ya pili, ya tatu ikawa timilifu. Tuliichapa kubwa kama mlango, ikatundikwa ukumbini, nikasimama pembeni nikatazama wazazi wanavyopitisha vidole kwenye kioo, safu kwa safu, mpaka wanafika. Mzee mmoja alimpata binti yake safu ya saba, pembeni kabisa. Akamwita mkewe kwa sauti kama ameokota kitu. Jumatatu Madamu akaleta zile kadi.

Hayo ndiyo yangu, baba. Limebaki ombi moja. Tangu ufunge kibanda, barua zako zote zinakuja kwa mwandiko wa kaka mkubwa, zimenyooka, zimepangika, na mwisho ameandika ni mimi baba yako. Kaka anaandika vizuri, sina ugomvi naye. Ila hii ijibu wewe. Kwa mkono wako. Usinakilishe, usimwite mtu. Ukichoka baada ya mstari mmoja, utume huo mmoja. Herufi ziparamie ukuta zikitaka, ziangukie nje ya karatasi, nitazisoma zote. Hakuna mtu duniani atakayezisoma upesi kama mimi.

Msalimie mama, mwambie sasa mimi ni mpiga picha mkuu, atangaze mtaa mzima, ruhusa anayo. Kaka na wanawe nawasalimu. Jitunze, na hospitali usisahau.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
mwenye mikono yako.